Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kijiji chetu: kabla ya kumchagua Rais, tuonyesheni funguo

Waheshimiwa wasimamizi,

YAH: RASIMU YA KATIBA NA SERIKALI YA KIJIJI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mnisamehe, nimeanza hivyo kwa mazoea. Kwa miaka 14 nilikuwa mtendaji wa kijiji, Tanzania Bara, na kijiji chenyewe sikitaji kwa sababu waliobaki pale ofisini wana mizigo yao tayari. Barua zenye "Yah" nilizoandika ni nyingi kuliko zote nilizowahi kumwandikia mke wangu, naye amenikumbusha hilo zaidi ya mara moja. Nilipostaafu, mjukuu wangu akaniwekea kompyuta, akanichongea avatari, yaani mtu wa picha wa kuniwakilisha, mwenye kanzu na bakora, akanishusha kisiwani kwenu, huku kwenye ulimwengu wa mtandaoni. "Babu, na huku kuna kijiji," akasema. Nilidhani ananitania. Huu sasa ni mwaka wa tatu. Nina kiwanja namba 17, ada yangu ya mwezi haijawahi kuchelewa, na mwembe nilioupanda mbele ya nyumba ulikua siku moja na haujazaa hadi leo, kwa sababu fundi aliyeuchonga alisahau maembe.

Kwa hiyo nawaandikia kama mkazi, na pia kama mtu aliyewahi kukalia kiti cha aina hiyo mnayotaka kuiunda. Barua naiweka wazi ili wakazi wote waisome kabla ya kura ya Jumamosi.

Rasimu nimeisoma yote, kurasa 14. Mnapendekeza Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu na mawaziri tisa. Daftari letu lina wakazi 61. Tukiondoa zile akaunti za mtu mmoja anayeingia kwa majina mawili, ambazo tunazijua na tunazinyamazia, tunabaki kama hamsini. Maana yake katika kila watu wanne, mmoja ataitwa Mheshimiwa. Kuna Waziri wa Ulinzi, ilhali silaha zimezimwa kisiwa kizima. Kuna Waziri wa Mambo ya Nje, na nje yetu ni bahari isiyo na samaki. Vijana wangu, mimi sichukii vyeo, nimekula mshahara wa cheo. Lakini cheo huzaa kikao, kikao huzaa muhtasari, na muhtasari unahitaji mtu wa kuuandika saa sita usiku baada ya kazi yake ya mchana. Huyo mtu hamjampata, maana hayumo katika rasimu.

Hayo ni ya kuchekesha na yanasameheka. Lililonikosesha usingizi ni kwamba ndani ya kurasa 14 neno "funguo", yaani uwezo wa kubonyeza vitufe vinavyoendesha kisiwa, halimo hata mara moja.

Tukumbushane kilichotufikisha hapa. Dada yetu wa Muscat, yule wa duka la vitenge na kofia, aliingia asubuhi moja akakuta kiwanja kitupu. Hakuwa amefukuzwa, wala hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Meza, nguo, bango, hata paka wa mlangoni, vyote vilikuwa vimekusanywa na kurudishwa kwenye begi lake la humo mtandaoni kama mzigo uliokosa mwenyewe. Usiku uliotangulia alikuwa amebishana na mmoja wenu kuhusu mpaka. Wenye uwezo wa kurudisha vitu vya watu mlikuwa watatu. Tuliwauliza wote watatu, na kila mmoja alisema siye. Dada alirudi baada ya wiki mbili, akapanga duka upya, lakini tangu hapo bango lake lina maandishi madogo chini: "Leo tupo."

Mliitikia kelele zetu kwa kuandika rasimu, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Wako wengine ambao wangeitikia kwa kutufungia mdomo. Lakini kisomeni tena kile kisa. Rais angezuia nini pale? Rais angekuwa mtu wa nne mwenye ufunguo.

Kijijini kwangu, kubomoa kibanda cha mtu ilikuwa kazi ya siku nzima, na mara nyingi ya wiki. Kwanza barua, na barua ina nakala. Kisha mgambo, na mgambo ana shangazi anayekaa jirani na kibanda. Kisha mwenye kibanda analia, watu wanajaa, mwenyekiti wa kitongoji anakuja mbio huku akifunga vifungo vya shati, na mtu pembeni ameshampigia diwani. Mara mbili katika utumishi wangu mgambo walinikatalia waziwazi, na katika mojawapo walikuwa sahihi wao, mimi nilikosea nyumba. Ule ucheleweshaji wote niliokuwa naulalamikia wilayani ndio uliokuwa ukiwalinda wananchi dhidi yangu. Huku kisiwani hakuna mgambo wa kukataa. Kitufe hakina shangazi.

Ndiyo maana nasema serikali ya mahali kama hapa haiwezi kuanza na vyeo. Inaanza na orodha ya vitufe. Anayeweza kubonyeza ndiye serikali, aitwe Rais, aitwe fundi, aitwe kijana wa kujitolea. Asiyeweza kubonyeza ni mgeni rasmi tu, hata mkimpigia saluti.

Haya yamewahi kuwakuta watu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, palikuwa na ulimwengu ulioitwa LambdaMOO, ulioanzishwa na Pavel Curtis katika maabara ya Xerox kule Palo Alto. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa nyumba kubwa ya maandishi matupu. Unaandika kwamba unaingia sebuleni, na sebule inakujia kwa maneno. Wenye funguo zote waliitwa wachawi, na nadhani jina hilo lingefaa kurudi. Desemba 1992 Curtis aliwatangazia wakazi kwamba wachawi wameacha kuamua ugomvi wa watu; kuanzia hapo wangekuwa mafundi tu, jamii ijiamulie yenyewe. Tangazo lilikuwa na nia njema kabisa. Kasoro yake ni kwamba halikuacha chombo chochote cha kuamua.

Miezi mitatu baadaye, Machi 1993, mkazi mmoja aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu ndogo kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitenda machafu mbele ya watu, pale sebuleni. Wakazi wakaitana, wakajadili, wakatawanyika bila uamuzi. Baada ya kikao, mchawi mmoja, peke yake, akamfuta Bungle. Wengi waliona amestahili, na mimi pia. Ila tazameni kilichofichuka: mahali palipotangazwa kwamba hapana mtendaji, mtendaji alikuwepo muda wote. Hakuwa na jina, hakuwa na mipaka, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Curtis akaweka utaratibu mwingine. Mkazi yeyote aanzishe ombi. Likipata sahihi za kutosha lipigiwe kura. Likishinda kwa kura mbili kwa moja, wachawi walitekeleze. Wakaenda hivyo miaka mitatu. Mei 1996 wachawi wakatangaza kwamba wamerudi kwenye maamuzi, kwa kuwa kutenganisha kazi ya ufundi na mambo ya watu kumeshindikana. Aliyewahi kukaa ofisini haimshangazi hiyo. Ukiniambia mimi ni karani tu, kazi yangu ni kugonga muhuri, umeshanipa uwezo wa kuchelewa kugonga, na nikishajua kuchelewa nimekuwa bosi wako.

Jaribio lililo karibu zaidi na letu lilianza mwaka 2004, ndani ya Second Life, ulimwengu wa kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Kikundi cha watu kilijenga mji wenye sura ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kikauita Neualtenburg. Eneo moja katika ulimwengu ule ni mita 256 kwa 256, yaani kama ekari 16. Kijijini kwangu mkulima mwenye ekari 16 hakuwa hata tajiri. Juu ya kipande hicho waliandika katiba na kuweka mihimili mitatu. Kulikuwa na baraza la wawakilishi wa kuchaguliwa. Kulikuwa na baraza walilolipa jina la Baraza la Sayansi, la kutafsiri katiba. Na kulikuwa na mhimili ulionivutia mimi zaidi, chama cha mafundi: wajenzi wenyewe ndio waliopewa kazi za utekelezaji.

Ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini. Anayejua kutumia nyundo ndiye aishike. Na hivyo ndivyo tulivyo sisi sasa, ingawa hatujaandika popote: aliyejenga soko ndiye mwenye ufunguo wa soko. Lakini fundi aliyejenga mnara huuona mnara ni wake, na ukimwambia kura zimesema mnara usogezwe, anasikia umemtukana mwanawe. Wenzetu wale walipitia migogoro yao; mji ukabadilishwa jina kuwa Neufreistadt, ukajengwa mji wa pili wa sura ya Kirumi, Colonia Nova, wakawa shirikisho. Utekelezaji ukatoka mikononi mwa mafundi, ukapewa ofisi yenye jina na anwani: Kansela. Uchaguzi wa wawakilishi wao waliuweka kila baada ya miezi sita. Sisi rasimu yetu inasema miaka mitano, kama Bunge. Ndugu zangu, katika miaka mitano ya mtandaoni nusu yetu tutakuwa tumeoa, tumehama, tumeharibikiwa kompyuta au tumekufa. Miezi sita inatosha.

Mfano wa tatu nitausema upesi. Kuna mchezo wa mwaka 2003, A Tale in the Desert, unaoigiza Misri ya kale, ambamo wachezaji hujitungia sheria kwa maombi na kura. Mchezaji anaweza kuchaguliwa na wenzake kuwa Nusu-Farao, na cheo hicho kinampa nguvu ya kuwafukuza watu moja kwa moja. Watu saba. Wa nane hana. Nilipoelezwa hili na mjukuu wangu nilisimama kitini. Miaka yote nilidhani mamlaka huwekewa mipaka kwa maneno, "kwa kuzingatia", "endapo itathibitika". Kumbe unaweza kuyahesabu kama risasi za mlinzi wa ghala.

Sasa pendekezo langu.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, ile Namba 7 niliyoibeba mkobani mpaka jalada likabanduka, inakipa kijiji halmashauri ya watu wasiopungua 15 na wasiozidi 25, mwenyekiti aliyechaguliwa na wananchi, na mtendaji aliyeajiriwa. Juu yao upo mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni kila mkazi mtu mzima. Mwenyekiti wangu alikuwa na wapiga kura, mimi nilikuwa na mafaili. Yeye hakuweza kutoa fedha bila makaratasi yangu, mimi sikuweza kuitisha watu wakaja bila sauti yake. Tulichukiana kwa adabu miaka tisa, na kijiji kilinufaika.

Sisemi tuhamishe sheria nzima. Kwa watu hamsini halmashauri ya 15 ni harusi. Nataka tuhamishe ule mgawanyo tu. Awepo mwenyekiti wa kuchaguliwa na wajumbe wanne, wasiwe na kitufe hata kimoja. Awepo mtendaji mmoja, aliyepewa kazi kwa mkataba wa miezi sita, mwenye vitufe vilivyotajwa kwa majina na kuhesabiwa. Wajumbe wanaamua, mtendaji anabonyeza, na kila alipobonyeza anaandika kwenye daftari lililo wazi: lini, kitufe gani, kwa nani, kwa uamuzi upi. Mtu yeyote asimame pale kisimani alisome.

Na jina tusipigane. Wazanzibari wanataka aitwe sheha. Wakenya wamesema chifu, ila wao wenyewe wakikumbuka machifu wa zamani wanaguna. Ndugu yetu wa Lubumbashi alisema aitwe vyovyote, ilimradi asitukusanyie vikao kwa Kiswahili cha mahakamani. Mimi ningesema mtendaji, lakini nina maslahi. Rais, hapana.

Vitufe vyenyewe si sawa, na hapa naomba tukae kidogo.

Kitufe cha kuwasha upya eneo linapokwama ni kama ufunguo wa pampu ya maji. Wapeni watu wengi, walio macho saa tofauti. Kikibonyezwa kimakosa, tumepoteza dakika tano.

Kitufe cha kubadili ardhi, kuchimba, kuinua kilima, kiwe kwa mafundi, lakini kwa eneo la kazi na kwa siku za kazi. Kazi ikiisha ufunguo unarudi. Kijijini, fundi aliyejenga darasa hakubaki na ufunguo wa darasa.

Kitufe cha kumfungia mtu asiingie ndicho chenye sumu. Lazima kiwepo, usiku ule walipoingia watoto wa mahali pengine na kumwaga masanamu ya matusi juu ya harusi ya watu, tungesubiri kikao tungekuwa tunasubiri hadi leo. Kwa hiyo mtendaji awe na uwezo wa kumfungia mtu saa 72, na awe na mara saba kwa kipindi chake chote. Ya Nusu-Farao, lakini ya muda. Zaidi ya saa 72, shauri liende kwa baraza. Baraza la ardhi la kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lina watu saba, na wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Nililiona likifanya kazi chini ya mti, na nawaambia, wazee saba wanaokuuliza maswali polepole humchosha mgomvi kuliko adhabu. Kwa wingi wetu watatu wanatosha, mmoja wao angalau mwanamke, na asiwemo mwenye kitufe chochote.

Kitufe cha kurudisha vitu vya mtu kwenye begi lake, kile kilichomkuta dada wa Muscat, mimi ningekifunga kwa funguo mbili: mtendaji na mjumbe mmoja, wote wawili. Kama mfumo hauruhusi, basi notisi ya siku saba mlangoni pa mwenye kiwanja, isipokuwa kitu kinakwamisha kisiwa kizima.

Na kipo kitufe cha kugawa vitufe. Hiki rasimu yenu ndiyo imekisahau kabisa, nacho ndicho mama yao. Mwenye hicho hata tukimnyang'anya vingine vyote anaweza kujirudishia kabla chai haijapoa. Hapa sina dawa kamili, na msimwamini atakayewaambia anayo. Kisiwa chetu kina mwenye akaunti mmoja, anayekilipia, na mbele ya kampuni yenye ulimwengu huu yeye peke yake ndiye mwenye mali. Sisi tukipiga kura 50 kwa 1 na yule mmoja ni yeye, yeye ndiye ameshinda.

Tusijifiche kwenye neno "kujitawala". Tunajitawala kama mpangaji anavyojitawala chumbani kwake. Mwaka 2006 Linden Lab ilipandisha ada ya mwezi ya kisiwa kipya kutoka dola 195 hadi dola 295, na hakuna baraza la wakazi lililopigia kura hilo. Kule EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland, wachezaji wamekuwa wakichagua baraza lao tangu 2008, baraza lenye heshima zake, na bado ni la ushauri. Funguo ziko Reykjavík.

Linalowezekana ni kumfanya mwenye akaunti awe mdhamini. Sheria ile ile ya 1999 inaiita halmashauri msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini, na haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Kwetu iandikwe hivi: mwenye akaunti asigombee cheo chochote, asiwe mtendaji, asitumie kitufe cha kugawa vitufe ila kwa maandishi ya wajumbe, na akikitumia bila hayo ada zetu zisimame mwezi ule ule. Hicho ndicho kitufe pekee tulicho nacho sisi wananchi, kutolipa, nanyi mnakijua, ndiyo maana kila tarehe 28 mnakuwa wapole.

Nikifika kwenye fedha sauti yangu inashuka, na nitasema kwa nini. Sheria inatutaka kila robo mwaka tusome mapato na matumizi mbele ya mkutano. Katika miaka 14 yangu, robo mbili zilipita bila kusomwa. Sikuiba. Stakabadhi za mchango wa zahanati hazikulingana na daftari, nikajiambia nitazitafuta kwanza, nikawa naahirisha mkutano kwa kisingizio cha msimu wa kulima. Nilipozipata, zilikuwa ndani ya Biblia ya mjumbe mmoja, zote sawasawa. Lakini kufikia hapo kijiji kizima kilishaamua kwamba nimejenga nyumba kwa saruji ya zahanati, na hadi leo wapo wanaoamini hivyo. Kwa hiyo mnaposema hazina ya kijiji "iko salama kwenye simu ya Katibu", mimi nasikia kurasa za Biblia zikifunguka. Tunachangia wa M-Pesa, wa kadi ya benki, na wa fedha za humo humo ndani, zote zinaingia mfukoni mwa mtu mmoja ambaye ni mwaminifu kabisa, na ambaye akipata ajali ya bodaboda kesho, kisiwa kinafutwa mwezi ujao bila mtu kujua kwa nini. Salio libandikwe kisimani kila tarehe moja. Iwepo akiba ya ada ya miezi mitatu. Na awepo mtu wa pili anayejua jinsi ya kulipa.

Kuhusu mkutano mkuu, tuwe wakweli. Saa tatu usiku Dar es Salaam ni saa nne usiku Muscat, na kwa ndugu zetu wa Minneapolis, wakati wa baridi, ni saa sita mchana, wako kazini. Mkutano wa Jumamosi uwe wa kusemezana. Kura ziwe wazi siku saba, sandukuni, mtu apige anapoamka. Kuhusu akaunti mbili-mbili, kura ifuate kiwanja kinacholipiwa, mtu mmoja kura moja hata awe na viwanja vitano. Mke na mume wanaogawana kiwanja waamue wenyewe. Sheria yoyote itakayoingia hapo itaumia.

Limebaki jambo moja ambalo rasimu imelidharau, nalo ni uchovu. Mnaogopa dikteta. Katika vijiji nilivyovijua mimi, kwa kila mtendaji mbabe walikuwepo wengi waliochoka tu, wakaanza kufunga ofisi saa saba. Huyu wa kwetu atajibu ujumbe usiku, atapatanisha watu juu ya uzio, ataandika daftari, na hatashukuriwa. Mkimfanya wa kujitolea atafanya wiki tisa, kisha atanyamaza, na funguo zitabaki mfukoni mwake akiwa amelala. Msameheni ada ya kiwanja kwa miezi sita yake. Ni kidogo, lakini ni mkataba, na mwenye mkataba unaweza kumwuliza. Asipoingia siku kumi bila taarifa, funguo zihamie kwa msaidizi, bila ugomvi na bila kikao.

Ombi langu kwenu ni moja na halihitaji katiba. Kabla ya Jumamosi, bandikeni kisimani karatasi yenye kila kitufe cha kisiwa hiki na jina la kila anayeweza kukibonyeza leo. Mkiibandika, nitapiga kura, na huenda hata nikamkubali Waziri wa Mambo ya Nje. Msipoibandika nitakuja Jumamosi na swali hilo hilo, na mnajua nina muda, nimestaafu.

Nakala: wakazi wote, dada wa duka la vitenge, mjukuu wangu, aliyenisaidia kupandisha barua hii.

Wenu katika ujenzi wa kijiji,

Mkazi wa kiwanja namba 17, penye mwembe usiozaa